Usimwamini Aliyeshika Wino

Kuna stori moja ya Uchina ya kale ambayo tumeitazama mara mia kwa majina tofauti. Koo mbili zinatengeneza wino. Kila ukoo una siri yake ya kuchanganya. Usiku kuna mizigo inapitishwa bandarini, kuna ofisa anakula hongo, kuna msichana wa ukoo huu anayempenda mvulana wa ukoo ule. Ikifika sehemu ya mwisho msaliti anafichuliwa, mfanyamagendo anakatwa kichwa, na watu wema wanabaki na duka lao. Tunazima simu, tunalala tumeridhika.

Mimi siridhiki. Shida ya stori hizi si kwamba ni uongo mtupu. Koo hasimu za wino zilikuwepo kweli. Mtengeneza wino aliyekatwa kichwa kwa njama ya magendo alikuwepo kweli. Shida ni kwamba stori inaamini hati ya mashtaka, na sisi tunaamini stori. Hakuna anayeuliza hati iliandikwa na nani, lini, na kwa nini ilisema inavyosema.

Hoja yangu ni hii: neno "mwizi" na neno "magendo" hutengenezwa, kama wino wenyewe unavyotengenezwa. Kabla hujalinunua, uliza kiwanda.

Basi twende kiwandani.

Huizhou iko kusini mwa mkoa wa sasa wa Anhui, chini ya milima ya Huangshan. Mashamba ni haba, milima ni mingi, misonobari ilikuwa tele. Vijana wa huko walitumwa nje kutafuta riziki ya biashara wakiwa bado wadogo, na baada ya karne kadhaa wafanyabiashara wa Huizhou wakawa na mkono katika chumvi, mbao, chai na vitabu kila pembe ya himaya. Wino nao ulikuwa wao. Masimulizi yanauanzia na ukoo wa Xi, uliokimbia vita vya kaskazini mwishoni mwa enzi ya Tang ukahamia Huizhou. Wino wao ulimpendeza mtawala wa Tang ya Kusini hadi akawapa jina la ukoo wake mwenyewe, Li. Ndiyo maana mtengeneza wino maarufu kuliko wote anaitwa Li Tinggui. Ona hapo hapo mwanzoni: mtu anatengeneza wino mzuri, mwenye mamlaka anambadilisha jina, na sisi tunaambiwa ni heshima.

Wino tunaouzungumzia si maji meusi ya chupa. Ni kijiti kigumu, unakisugua juu ya jiwe kwa matone ya maji mpaka upate weusi wa kuandikia. Ndani yake kuna masizi na gundi ya wanyama, na kwa wenye pesa miski, kafuri, hata karatasi ya dhahabu. Mchanganyiko unatwangwa kwenye kinu mara maelfu, unakandwa, unashindiliwa kwenye kalibu za mbao zilizochongwa nakshi, halafu unaanikwa taratibu kwa miezi.

Kitabu cha Song Yingxing, *Tiangong kaiwu*, kilichochapishwa 1637, kinaeleza masizi yalivyopatikana. Wa msonobari walijenga handaki refu la mianzi na karatasi, mfano wa paa la mashua, wakachoma kuni mwisho mmoja na kuacha moshi utambae hadi mwisho wa pili. Masizi ya mbali kabisa na moto ndiyo laini, hayo ni ya wino wa wakubwa. Ya karibu na moto ni ya kukwaruza, hayo waliuziwa wachapishaji. Wa mafuta walichoma taa. Ratili moja ya mafuta ilitoa masizi kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi na sita. Na mfanyakazi mwepesi wa mkono, anasema Song, alihudumia taa 200 peke yake. Akichelewa kukwangua, masizi yanazeeka na kuharibika.

Taa 200, bana. Mtu mmoja. Fikiria chumba hicho, joto lake, pumzi yake. Fikiria mapafu. Sasa niambie kama umewahi kuona tamthilia ya wino ambayo shujaa wake ni mkwangua masizi. Hakuna, kwa sababu stori inaanzia dukani, na dukani wino umeshafika umefungwa kwenye sanduku la hariri.

Na hata mti haukuulizwa. Tangu karne ya 11 msomi Shen Kuo aliandika kwamba misonobari ya mashariki imekwisha, na milima mingi ya kusini imebaki vipara. Akapendekeza watu wachome mafuta yatokayo ardhini badala yake, akidai wino wake unang'aa kuliko wa msonobari. Yaani miaka mia tano kabla ya bifu ninalotaka kusimulia, gharama ya wino ilikuwa imeshajulikana. Haikuingia kwenye bei.

Bifu lenyewe ni la Cheng Dayue na Fang Yulu, wote wa Huizhou, mwishoni mwa karne ya 16. Cheng alikuwa na mali na karakana. Fang alikuwa maskini. Cheng alimpokea, akamfundisha kazi. Kisha Fang akajitenga, akafungua yake, akapata mlinzi mkubwa: Wang Daokun, ofisa na mwandishi mwenye jina. Mwaka 1588 Fang akatoa kitabu cha miundo yake ya wino, *Fangshi mopu*, chenye picha zaidi ya 380 na sifa kedekede kutoka kwa wasomi. Cheng akalia kwamba ameibiwa: ustadi, miundo, kila kitu. Wanaosimulia wanaongeza suria. Eti mke wa Cheng alimfukuza suria mrembo kwa wivu, na Fang akatumia mshenga wa siri ili ampate, na kesi ikafika kwa hakimu. Baadaye Cheng akatiwa jela kwa tuhuma ya mauaji, na akaamini kuwa mkono wa Fang ulikuwemo.

Akitoka, Cheng hakushika kisu. Alishika wino. Mnamo 1605 na 1606 akatoa *Chengshi moyuan*, picha zaidi ya 500, kubwa kuliko ya Fang kwa kila kipimo, na nakala chache zikachapwa kwa rangi. Ndani yake akatia hadithi ya mbwamwitu wa Zhongshan: msomi mwema anamficha mbwamwitu kwenye gunia asiuawe na wawindaji, na mbwamwitu akishatoka anataka kumla. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Kila msomaji wa Huizhou alijua mbwamwitu ni nani, na mpaka leo ndivyo wanavyomsoma Fang.

Halafu akatafuta kiki kubwa zaidi. Huko Beijing alikutana na Matteo Ricci, padri Mjesuiti kutoka Italia, akapata kwake picha nne za Kikristo: Yesu na Petro baharini, wanafunzi njiani Emau, watu wa Sodoma, na Bikira Maria na Mtoto. Pamoja nazo, maandishi ya Ricci kwa Kichina yakiwa na matamshi yake kwa herufi za Kilatini, miongoni mwa mara za kwanza kabisa herufi hizo kuchapwa Uchina kwa ajili ya Kichina. Wataalamu wa dini na wa lugha wanaipenda sehemu hii. Mimi naona jamaa mwenye hasira anayesema: mpinzani wangu ana washairi wa kijijini, mimi nina mtu wa ng'ambo ya dunia.

Mpaka hapa unaweza kuchagua timu. Timu Cheng, mwalimu aliyesalitiwa. Timu Fang, maskini aliyekataa kubaki kibarua maisha yake yote. Lakini kabla hujachagua, angalia nani alifanya kazi.

Vitabu vyote viwili, cha mwizi na cha aliyeibiwa, vilichorwa kwa sehemu kubwa na mchoraji yuleyule: Ding Yunpeng. Vyote viwili vilichongwa kwenye mbao na mafundi wa ukoo uleule, akina Huang, wachongaji wa Huizhou ambao mikono yao iko kwenye vitabu bora vya zama zile. Huang Deshi kwa Fang, Huang Lin kwa Cheng. Unaelewa maana yake? Mabosi wawili wanaitana wezi wa miundo, na wachoraji na wachongaji wanatoka karakana hii kwenda ile wakipokea ujira. Muundo "ulioibwa" ulikuwa umekaa kwenye vidole vya Ding na akina Huang muda wote. Kama kulikuwa na mali ya akili ya kugombania, wenyewe walikuwa hao. Hakuna aliyewaita kutoa ushahidi.

Na hao ndio waliobahatika. Ding alitia sahihi, akina Huang majina yao yanajulikana. Mkwangua masizi hana hata herufi moja. Mtwangaji hana. Vitabu viwili vya kifahari kuhusu wino, karibu picha elfu moja, na aliyeutengeneza wino kwa mikono yake hayumo.

Hili linaniuma kwa sababu niko upande huo wa meza. Niliacha chuo, naandika kwa mkataba, na kazi yangu nyingi iko mtandaoni kwa majina ya watu wengine. Mteja mmoja alipokataa kumaliza deni, aliwaambia wenzake kwamba mimi ndiye nilimwibia wazo. Walimwamini mara moja. Kwani wangeniamini nani mimi? Jina lililokuwa juu ya kazi lilikuwa lake.

Sasa tuje kwenye magendo. Hapa rekodi inapita tamthilia yoyote.

Kizazi kimoja kabla ya Cheng na Fang, mtengeneza wino aliyetajwa kwa heshima Huizhou alikuwa Luo Longwen wa wilaya ya She. Wino wake ulitafutwa na wakusanyaji hata baada ya kifo chake. Lakini Luo hakuishi na wino peke yake. Zama zake pwani ya mashariki ilikuwa inaungua. Tangu karne ya 14 watawala wa Ming walipiga marufuku watu binafsi kufanya biashara ya baharini. Watu wa pwani walihitaji kula, Japani ilikuwa na fedha, Uchina ilikuwa na hariri. Unapofunga mlango wa njaa, watu wanapita dirishani. Serikali iliwaita waliopita dirishani *wokou*, maharamia wa Kijapani, ingawa wengi wao walikuwa Wachina. Mkubwa wao, Wang Zhi, alikuwa mtu wa wilaya ya She vilevile. Xu Hai, kiongozi mwingine, naye alikuwa wa huko. Na ofisa aliyetumwa kuwamaliza, Hu Zongxian, alitoka Jixi, Huizhou hiyohiyo. Wasee wa mtaa mmoja: mmoja haramia, mmoja polisi, mmoja muuza wino anayefahamiana na wote.

Hu alimtumia Luo kumlainisha Xu Hai kwa zawadi na ahadi. Xu Hai akajisalimisha, na 1556 akafa akizingirwa na jeshi. Wang Zhi naye aliahidiwa msamaha na ruhusa ya biashara, akaja mwenyewe 1557, akafungwa, akakatwa kichwa Hangzhou mwanzoni mwa 1560. Ahadi zote hizo zilikuwa wino.

Luo akapanda. Akaingia kwenye mtandao wa Yan Shifan, mtoto wa waziri mkuu Yan Song, mla rushwa aliyejulikana nchi nzima. Sitamtetea hapo. Luo alikuwa dalali wa hongo na alitajirika. Mwaka 1562 nyumba ya Yan ilianguka, Shifan na Luo wakahukumiwa kwenda uhamishoni, wakatoroka, na 1565 wakauawa pamoja.

Kwa kosa gani? Soma vizuri, hapa ndipo stori yote ilipo. Maofisa waliotayarisha mashtaka walitaka kuweka kosa ambalo kila mtu alilijua: kwamba nyumba ya Yan iliwaua waliothubutu kuisema, akiwemo Yang Jisheng, aliyeuawa 1555, na Shen Lian, aliyemfuata 1557. Xu Jie, mrithi wa Yan Song kwenye kiti cha juu, aliwazuia. Vifo vile viliidhinishwa na mfalme mwenyewe. Mkiviandika, mfalme atasoma kwamba anashtakiwa yeye, na Shifan atatoka huru. Basi hati ikaandikwa upya. Kosa jipya: njama. Shifan na Luo wanashirikiana na mabaki ya watu wa Wang Zhi, wanapanga kuungana na maharamia wa Japani. Shifan aliposikia mashtaka yamebadilika alijua amekwisha. Kwa mauaji ya kweli angepona. Kwa magendo ya kwenye karatasi hakupona.

Simaanishi Luo alikuwa malaika. Namaanisha hakuuawa kwa alichofanya. Aliuawa kwa kosa lililochaguliwa kwa sababu halikumgusa mkubwa. Waliouawa bila haki waliondolewa kwenye hati ili mfalme asijisikie vibaya, na nafasi yao ikajazwa neno "magendo", ambalo halimwumizi yeyote anayehesabika.

Kuna nyongeza mbili. Mali ya Luo ilipopekuliwa ilipatikana barua ya Hu Zongxian, mkamata maharamia mwenyewe, ikiwa na rasimu ya amri ya mfalme aliyoitunga ili kujiokoa. Hu akakamatwa, akafia jela mwaka uleule wa 1565. Na miaka miwili tu baadaye, 1567, mfalme wa zamani akiwa amekufa, serikali mpya ikafungua bandari ya Yuegang huko Fujian. Lipa kodi, chukua kibali, safiri, ilimradi si Japani. Bahari ileile, hariri ileile, mashua zilezile. Jana magendo, leo biashara ya nje. Kilichobadilika ni karatasi.

Sisi wa huku tuna sababu yetu ya kuikumbuka marufuku ile. Kila wageni kutoka Beijing wakija, hotuba lazima ipite kwa Zheng He na yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415. Tunapiga makofi. Hakuna anayemalizia sentensi: mwaka uleule ambao meli za mfalme zilikuwa zikivuka Bahari Hindi, raia wa Fujian au Zhejiang akisafiri kwa jahazi lake kuuza bakuli alikuwa mhalifu. Mfalme akivuka bahari ni urafiki wa mataifa. Wang Zhi akivuka ni uharamia. Ukitaka kujua marufuku iliziba kiasi gani, nenda ukaone vipande vya kauri za Ming vilivyochimbuliwa Gede, vingine vikiwa vya baada ya meli za mfalme kuacha kuja 1433. Bidhaa hazikusoma amri.

Najua nitaambiwa ninaharibu raha. Eti tamthilia ni tamthilia, acha watu watazame. Sawa, tazameni. Lakini msiniambie hazifundishi kitu. Zinatufundisha kumpenda mwenye duka, kumwogopa mwenye jahazi, na kutomwona kabisa mwenye mchi. Zinatufundisha kwamba ugomvi wa maana ni wa wakubwa wawili, na kazi yetu ni kuchagua timu. Halafu tunatoka hapo tukiwa tumezoea, tunasoma habari za leo kwa macho yaleyale. Tukisikia "njama" tunauliza nani kakamatwa. Hatuulizi ni kosa gani limefutwa ili hili liandikwe.

Nitaambiwa pia kwamba labda Fang aliiba kweli. Labda. Mwanafunzi akijitenga na mwalimu huwa anabeba kitu, kila fundi anajua hivyo. Lakini Cheng naye alijifunza mahali, na watu wa Huizhou walikuwa wameurithi ukoo wa Xi, na wote kwa pamoja waliurithi msitu ambao hawakuupanda. Ukianza kufuata uzi wa nani kaiba nani, unaishia kwenye mlima wenye kipara na mtu aliyesimama kati ya taa 200. Yeye ndiye anayedai wote. Bahati mbaya kwake, deni lake halikuandikwa popote, ingawa aliukwangua wino wa kuliandikia kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo ukikutana tena na stori ya koo mbili za wino, tazama hadi mwisho kama kawaida yako. Ila mfanyamagendo akipigishwa magoti na hati ikianza kusomwa, usimwangalie yeye. Mtafute karani aliyeandika. Muulize ile ya kwanza, iliyochanwa, ilikuwa inasemaje.